Jina la Mradi Huria: Likague Kabla Halijazoeleka

Mwezi Septemba 2002 wasanidi wachache wa Mozilla walitoa kivinjari chepesi walichokiita Phoenix. Kampuni ya Phoenix Technologies, inayojulikana kwa programu za kuwashia kompyuta, ikalalamika. Aprili 2003 kivinjari kikapewa jina la pili, Firebird. Safari hii aliyelalamika hakuwa kampuni, bali mradi huria mwenzao: hifadhidata ya Firebird, iliyochipuka mwaka 2000 kutoka kwenye msimbo wa InterBase wa Borland. Watumiaji wa hifadhidata hiyo wakaja juu, malalamiko yakamiminika. Tarehe 9 Februari 2004 likatangazwa jina la tatu, Firefox. Majina matatu, tena kwa muda usiotimia mwaka na nusu.

Kisa hiki husimuliwa sana kwa sababu ya ile kampuni, lakini mimi naona uzito wake uko kwenye jina la pili. Wenye hifadhidata hawakuhitaji kwenda mahakamani. Walikuwa na jina walilolitumia hadharani, katika fani hiyohiyo ya programu, na walikuwa na watu waliowajua kwa jina hilo. Ikatosha. Kwa hiyo anayeanzisha mradi akiuliza, “Je, jina hili limesajiliwa?” ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni hii: nani tayari anafahamika kwa jina hili, na je, watu wake wakiniona mimi watadhani ni yeye?

Sheria ya alama za biashara karibu kila nchi imejengwa juu ya swali hilo la pili. Haiangalii tu kama herufi zinafanana. Inaangalia kama mtu wa kawaida anayetafuta bidhaa ya aina ile atachanganyikiwa kuhusu ilikotoka. Na kutotoza pesa hakukuondoi katika swali hilo. Mwaka 2001 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kesi ya jina Coolmail, programu ya barua pepe iliyokuwa imesambazwa bure kwa leseni ya GPL tangu 1994. Mahakama ilisema usambazaji ule wa bure ulitosha kuzaa haki ya jina. Uamuzi huo unakugusa mara mbili: mradi wako usio na senti unaweza kuwa na haki juu ya jina lake, na mradi wa jirani yako usio na senti unaweza kuwa na haki juu ya jina unalolitaka wewe.

Leseni inaishia wapi

Wengi wetu tukiweka msimbo hadharani huchagua leseni kwa makini. Tunalinganisha MIT na GPL, tunabishana, tunaulizana. Jina tunalitafuta dakika ya mwisho, kwa sababu folda lazima iitwe kitu. Halafu tunadhani leseni imelishughulikia na lenyewe.

Haikulishughulikia. Kifungu cha 6 cha leseni ya Apache toleo la 2.0 kinasema waziwazi kwamba leseni haitoi ruhusa ya kutumia majina na alama za mwenye kazi, isipokuwa pale inapobidi kueleza msimbo umetoka wapi. Leseni ya BSD yenye vifungu vitatu inakataza kutumia majina ya waandishi kunadi bidhaa iliyotokana na kazi yao. GPL toleo la 3 inamruhusu mwenye msimbo kuongeza sharti la kutotoa haki za alama. MIT haisemi lolote, na mtu asichukue ukimya huo kuwa ruhusa.

Debian, mradi unaosambaza mfumo huria wa Linux, waliliona hilo mwaka 2006. Walikuwa wakisambaza Firefox wakiwa wameondoa nembo yake rasmi, kwa kuwa masharti ya nembo hayakulingana na kanuni zao za programu huria, na pia walikuwa wakiurekebisha msimbo wenyewe. Mozilla ikawaambia: mkitumia jina, tumieni na nembo, na mabadiliko yenu yapitie kwetu; la sivyo, achieni jina. Msimbo ulikuwa halali yao moja kwa moja. Jina halikuwa lao. Wakakiita kivinjari Iceweasel, na hali ikabaki hivyo mpaka pande mbili zilipoelewana mwaka 2016. CentOS nao walijenga mfumo mzima kutokana na msimbo wa kampuni ya Red Hat baada ya kufuta kila jina na kila nembo ya Red Hat ndani yake.

Naipenda tofauti hii kati ya msimbo na jina, na ningependa kila msanidi wa kwetu aielewe kwa faida yake. Ukiachia msimbo, umemruhusu mtu aunakili, aubadilishe, hata auuze. Hukumruhusu atie ndani yake kitu cha kuiba nywila za watu kisha ausambaze kwa jina lako. Muuguzi au mwenye duka anayepakua programu yako hasomi msimbo. Anachosoma ni jina, na kwa jina hilo anakuamini wewe. Jina lisilo na mwenyewe halimlindi mtu huyo.

Jina linaloweza kulindwa

Majina hayana nguvu sawa mbele ya msajili. La kubuni kabisa, lisilokuwepo popote kabla yako, ndilo lenye nguvu kuliko yote. Linalofuata ni neno la kawaida lililowekwa juu ya kitu kisichohusiana nalo. Dhaifu ni lile linaloitaja kazi yenyewe. Hata shirika la Open Source Initiative, linaloidhinisha leseni huria, lilishindwa mwaka 1999 kuyafanya maneno “open source” kuwa alama yake nchini Marekani, kwa sababu yanaeleza tu aina ya programu.

Hapa ndipo sisi tunaotumia Kiswahili tunapojikwaa. Ukiandika programu ya kuendesha duka, jina la kwanza linalokujia ni Duka. Ya mahesabu, Hesabu. Ya kumbukumbu za wagonjwa, Afya. Yanasikika vizuri na mteja anaelewa papo hapo. Lakini msajili aliyeko Tanzania au Kenya anaelewa papo hapo vilevile: Hesabu kwa programu ya hesabu ni maelezo, na kila mfanyabiashara ana haki ya kuyatumia. Usidhani utakwepa hilo kwa kwenda kusajili ng'ambo. Wakaguzi wa Marekani hutafuta maana ya neno la kigeni kwa Kiingereza kabla ya kuamua. Programu hiyohiyo ya hesabu ukiiita Kengewa au Mkadi, umepata jina linaloweza kusimama, maana ndege na mti havina uhusiano na mizania.

Wala usidhani neno la Kiswahili liko wazi kwa sababu ni la kwetu. Chukua neno safari. Nchini Tanzania ni jina la bia. Apple imelitumia kwa kivinjari chake tangu 2003. O'Reilly, wachapishaji wa vitabu vya kompyuta, walilitumia kwa huduma yao ya vitabu mtandaoni. Wote watatu wameishi nalo kwa kuwa kila mmoja alikuwa na uwanja wake. Wewe unaweza kwenda safari kila siku, kuandika riwaya iitwayo Safari, pengine hata kufungua mgahawa kwa jina hilo. Kutoa kivinjari kiitwacho Safari huwezi, uwe umezaliwa Pangani au Lamu. Ubuntu nalo ni neno la lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na katika mifumo ya kompyuta ni alama ya kampuni ya Canonical.

Jihadhari zaidi na tabia ya kuchukua jina kubwa na kulichezea kidogo. Programu ya mazungumzo ya Gaim ilianza kwa kuunganishwa na huduma ya AIM ya kampuni ya AOL, na jina lilibeba herufi hizo tatu. AOL ililalamika. Mazungumzo na mawakili yaliwachosha wasanidi na kulichelewesha toleo lao kubwa la 2.0, hadi Aprili 2007 walipotangaza jina jipya, Pidgin. Lindows, mfumo wa Linux uliokuwa na jina lililofanana na Windows, ulishtakiwa na Microsoft Desemba 2001. Utasikia kisa hiki kikisimuliwa kama ushindi wa mdogo, kwa sababu mwaka 2004 kesi ilimalizwa kwa Microsoft kulipa dola milioni 20 na Lindows kuwa Linspire. Lakini aliyeshtakiwa alikuwa kampuni yenye fedha za kupigana miaka miwili na nusu mahakamani, na jina bado liliondoka. Mradi wa watu wanne wanaofanya kazi usiku baada ya ajira zao usilitegemee hilo.

Kwetu jaribu lenyewe liko kwenye maktaba za kuunganisha malipo. Vijana wengi wanaandika msimbo mzuri wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, alama iliyohamia kwa Safaricom na Vodacom mwaka 2020 kutoka Vodafone. Msimbo huo unahitajika sana. Ila kuuita mradi “M-Pesa Huria” au “MPesaPro” ni kuliweka jina la mtu mlangoni kwako. Upe mradi jina lake, tuseme Mkwaju, kisha chini yake uandike: “Mkwaju, maktaba ya kuunganisha programu yako na M-Pesa.” Kumtaja mwenye alama ili kueleza kazi ya programu yako ni jambo ambalo sheria za nchi nyingi hulikubali, alimradi usitaje zaidi ya inavyobidi, usichukue nembo wala rangi zake, na uandike mahali panapoonekana kwamba mradi hauna uhusiano naye wala haukuidhinishwa naye. Sentensi hiyo ya mwisho iwe juu kabisa kwenye README, si kwenye faili ambalo hakuna anayelifungua.

Kukagua

Andika majina matano, si moja. Mwenye jina moja tu ameshalipenda, na atayasoma matokeo kwa jicho la mapenzi.

Anza na mtandao wenyewe: jina pamoja na neno “programu”, kisha jina na “software”, “app”, “library”. Halafu ingia kwenye GitHub na GitLab, kwenye hazina za vifurushi za lugha unayoitumia, npm au PyPI au Maven, kwenye orodha ya vifurushi vya Debian, na kwenye maduka ya programu za simu. Hapa unatafuta watu wanaofahamika kwa jina hilo hata kama hawajasajili popote. Ukikuta mradi uliokufa miaka mingi bila mtumiaji hata mmoja, mwandikie mwenyewe kwa adabu kabla hujaendelea. Ukikuta mradi mdogo ulio hai, achana na jina. Google walipotoa lugha yao ya Go Novemba 2009, siku nyingi hazikupita kabla mtafiti mmoja hajawaandikia kwamba ameshatengeneza lugha iitwayo Go! na kuichapishia kitabu. Lugha ya Google ilibaki na jina lake, lakini malalamiko yale, yaliyopewa namba 9 katika orodha ya hitilafu za mradi, yanasomwa mpaka leo. Kampuni kubwa inaweza kuubeba mzigo huo. Mradi mchanga ukianza kwa kumkanyaga mdogo mwenzake, unawapoteza walewale ambao wangekuwa wachangiaji wake wa kwanza.

Kisha nenda kwenye daftari za alama. Hifadhidata ya alama ya WIPO hutafutika bure na inakusanya daftari za nchi nyingi. TMview ya Ulaya nayo ni bure, na ofisi ya Marekani ina ukurasa wake wa kutafutia. Kwa nyumbani kuna BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda. Watanzania hulisahau hili la pili: usajili wa BRELA hauvuki maji, na programu inayouzwa Unguja ni suala la daftari la Zanzibar. Haki ya alama iliyosajiliwa huishia mipakani mwa nchi ilikosajiliwa, lakini msimbo ulio mtandaoni upo kila mahali siku ya kwanza. Huwezi kukagua dunia nzima. Kagua nchi unazotarajia kuwa na watumiaji, uongeze Marekani na Umoja wa Ulaya, kwa kuwa huko ndiko zilipo kampuni zinazoendesha hazina za msimbo na maduka ya programu, na malalamiko huamuliwa kwao.

Ndani ya daftari, alama zimepangwa kwa makundi ya kimataifa. Kundi la 9 lina programu za kupakua, kundi la 42 lina huduma za programu zinazotumika mtandaoni. Usiishie hapo kama kazi yako iko kwenye fani fulani: programu ya fedha itazame pia kundi la 36, ya tiba kundi la 44. Alama ya zahanati isiyo na kompyuta hata moja inaweza kukuletea matatizo ukitoa programu ya zahanati kwa jina lilelile.

Na utafute kwa sikio, si kwa jicho tu. Msajili husikiliza jina linavyotamkwa, na tahajia ngeni haikusaidii. Jaribu K mahali pa C, S mahali pa Z, herufi moja mahali pa mbili. Mwaka 2005 wasanidi wa mfumo wa tovuti wa Mambo walitofautiana na kampuni iliyomiliki jina hilo, wakaondoka na kuuita mradi wao mpya Joomla. Ni neno jumla, limeandikwa kwa tahajia ya msomaji wa Kiingereza. Alama hiyo sasa iko mikononi mwa shirika lao lisilo la faida, Open Source Matters. Mtu wa Mwanza anayetoa leo mfumo wa kutengeneza tovuti na kuuita Jumla, akiamini amechukua neno la sokoni, atakuwa anatamka alama ya mwenzake.

Yakibaki majina mawili baada ya kazi hii, chukua lile ambalo kikoa chake kiko wazi, ukinunue siku hiyohiyo pamoja na kujiandikisha kwa jina hilo kwenye hazina za vifurushi. Ila usichanganye mambo: kumiliki kikoa, au kampuni iliyosajiliwa kwa jina fulani, si kumiliki alama. Kwa mradi unaotarajia hospitali, benki au ofisi za serikali ziutumie, mlipe wakili wa miliki bunifu aangalie jina lako la mwisho. Saa zake chache ni nafuu kuliko barua moja ya madai.

Jina ni la nani?

Hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa muhimu kupita zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mradi, kwa kuwa mwanzoni watu ni marafiki na hakuna anayetaka kuuliza.

Gerald Combs alianza kutoa Ethereal, programu ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao wa kompyuta, mwaka 1998. Mwaka 2006 akahamia kwa mwajiri mpya. Haki ya sehemu kubwa ya msimbo ilikuwa mkononi mwake, na wasanidi wenzake walikuwa pamoja naye. Alama ya Ethereal ilibaki kwa mwajiri wa zamani. Mradi uliokuwa umesambaa duniani ukaanza upya na jina ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia, Wireshark. Watu walilizoea, na leo ndilo linalofundishwa vyuoni, lakini lilijengwa upya kutoka chini.

Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo kiotomatiki, ilianzishwa na Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems. Oracle ikainunua Sun mwaka 2010, na mgogoro ulipozuka kuhusu mradi uendeshwe wapi na vipi, Oracle ikasema jina ni lake. Tarehe 29 Januari 2011 jumuiya ikapiga kura: 214 waliunga mkono kubadili jina kuwa Jenkins, 14 walikataa. Wachangiaji walihamia huko, na Hudson ikafifia. Miezi michache kabla, Septemba 2010, jambo kama hilo lilikuwa limetokea kwa programu za ofisi za OpenOffice.org: wachangiaji waliunda The Document Foundation, wakaiomba Oracle iwakabidhi jina, hawakulipata, wakaendelea na LibreOffice.

Hatari nyingine inatoka kwa mtu wa nje kabisa. Katikati ya miaka ya 1990 mtu mmoja nchini Marekani alisajili neno Linux kuwa alama yake, kisha akaanza kuzidai kampuni za Linux malipo. Ilibidi kampuni ziungane kumpinga, na mwaka 1997 alama ikahamishiwa kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Yule aliyesajili hakuwa ameandika msimbo. Alikuwa amewahi tu kwenye daftari.

Basi fanyeni haya mkiwa bado watatu mezani. Andikeni faili fupi ndani ya mradi linalosema jina linashikiliwa na nani, kwa niaba ya nani, na litakwenda wapi mwenye kulishika akiondoka, akifa au akigombana na wenzake. Kama mmoja wenu ameajiriwa kuandika programu, asome mkataba wake wa ajira na apate barua ya mwajiri kwamba hadai jina wala msimbo. Afanye hivyo kabla mradi haujawa na thamani, kwa kuwa baada ya hapo barua hiyo haitaandikwa kwa urahisi. Nembo ikichorwa na rafiki, mwombe asaini kwamba ameikabidhi kwa mradi. Mradi ukikua, jina lihamie kwa taasisi isiyo ya mtu mmoja: ama shirika mliloliunda wenyewe, au taasisi zilizopo kwa kazi hiyo. Software in the Public Interest ndiyo inayoshika alama ya Debian, na Software Freedom Conservancy hufanya kazi hiyo kwa miradi kadhaa.

Je, msajili tangu mwanzo? Kwa mradi wa wiki mbili, hapana. Nchi zenye asili ya sheria ya Kiingereza, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, humsaidia hata asiyesajili kupitia shauri la kumzuia mtu asijipitishe kwa jina la mwenzake, mradi athibitishe kwamba alishajulikana nalo. Kwa hiyo tunza ushahidi: tarehe ya kila toleo, idadi za upakuaji, barua za watumiaji, picha za mikutano. Februari 2013, kampuni moja ya Uingereza ikiwa imeomba jina Python, la lugha ya programu, liwe alama yake katika Umoja wa Ulaya, Python Software Foundation iliwaomba kampuni na wasanidi wa Ulaya watume ushahidi kwamba wanalitumia jina hilo. Mwezi uliofuata maombi yakaondolewa. Nguvu ya ushahidi wa aina hiyo si sawa kila mahali, hata hivyo. Nchini China anayewahi kusajili ndiye mwenye alama, na katika Umoja wa Ulaya usajili ndio unaotoa haki kamili, kwa ada ya yuro 850 kwa kundi la kwanza. Siku mradi wako unapoanza kuingia kwenye zabuni, au mtu anapoanza kuuza huduma juu yake, sajili nyumbani kwanza. Kenya na Rwanda zimo katika mfumo wa Madrid, kwa hiyo usajili wa huko unaweza kuwa msingi wa kuomba nchi nyingine kwa fomu moja. Kabla cheti hakijatoka unaweza kuweka herufi TM kando ya jina, lakini usiweke R iliyozungushiwa duara. Katika nchi nyingi kufanya hivyo bila usajili ni kosa.

Ukishakuwa na alama, andika ukurasa mmoja unaoeleza watu wanaweza kulitumia jina namna gani, na uwe mkarimu. Ruhusu makala, mafunzo, mikutano, vikundi vya watumiaji, fulana za wanafunzi. Zuia kidogo tu: toleo lililobadilishwa lisiitwe kwa jina lako tupu, na mtu asijifanye ni mradi wenyewe. Aprili 2023 Rust Foundation, shirika la lugha ya programu ya Rust, walitoa rasimu ya kanuni iliyoonekana kuwabana hata wanaoipenda lugha hiyo, wakalazimika kuomba radhi na kuirudia.

Barua ikifika

Usiipuuze, usiianike mtandaoni, na usijibu siku hiyohiyo. Angalia vitu vitatu: anayelalamika ana usajili gani na wapi, wa bidhaa gani, na kama alianza kabla yako. Mengine ni ya wakili.

Kimya hakifai kwa pande zote mbili. Mwenye alama ya SSH aliuomba mradi huria wa OpenSSH ubadili jina Februari 2001, wakati ambapo neno ssh lilikuwa tayari limezoeleka kuwa jina la itifaki yenyewe. OpenSSH walikataa, na jina liko mpaka leo. Lakini hilo lilikuwa neno lililotumiwa na kila mtu kwa miaka bila kuzuiwa. Likiwa ni jina lako dhidi ya alama inayolindwa kwa bidii, na mwenzako alikutangulia, ushauri wangu ni kubadili mapema na kwa utulivu. Machi 2016 mwandishi mmoja wa vifurushi vya npm aligombana na kampuni kuhusu kifurushi kilichoitwa kik. Hazina ikampa kampuni jina hilo, naye kwa hasira akaondoa vifurushi vyake vyote, kimojawapo left-pad chenye mistari 11 tu. Miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa, na waliopata hasara hawakuhusika na ugomvi ule.

Ukibadili, nenda mbali. Usitoke kwenye jina lenye mgogoro uingie kwenye binamu yake. Tangaza siku moja majina yote mawili, eleza sababu kwa sentensi mbili bila kumtukana mtu, na kubaliana kwa maandishi na mlalamikaji muda wa kuhamisha kikoa, kurasa na vifurushi. Kwenye hazina ya vifurushi toa toleo la mwisho la jina la zamani linalomwelekeza mtumiaji kwenye jipya, kama makubaliano yanaruhusu.

Gharama kubwa huwa ndani ya msimbo. Gaim haikuwa jina la mlangoni tu: maktaba yake iliitwa libgaim, nayo ikabidi iwe libpurple, na kila programu iliyoitegemea ikafuata. LibreOffice mpaka leo huitwa kwa amri ya soffice, jina lililobaki tangu enzi za mtangulizi wake StarOffice, kwa sababu hati za amri za watu wengi zimeandikwa zikiitegemea. Kwa hiyo unapoandika mstari wa kwanza, jina la mradi liweke mahali pamoja, kwenye faili moja la mipangilio, na kila kinachoonekana kwa mtumiaji kilisome kutoka hapo. Majedwali ya hifadhidata, moduli za ndani na vigezo vya mazingira vipe majina ya kazi yake: malipo, wagonjwa, foleni. Hapo maneno yale ya maelezo niliyoyakataa kwenye jina la mradi ndiyo yanayofaa kabisa.